"Inalipa?" Hilo Swali Linatumaliza

Wasee, kuna swali moja nimechoka nalo. Ukimwambia mtu kuna kitu unapenda kufanya, hata hajaelewa ni kitu gani, ashauliza: "Na inalipa?"

Agosti hii napanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985. Nimejiandaa miezi minne sasa. Nikiwa kwa mat nafuma kofia na soksi za sufu, ndio, mimi mwanaume na sindano zangu mbili, na kondakta akitaka kucheka acheke. Wikendi nafungua redio kuukuu za betri niangalie kama zitaongea tena. Pia nachora ramani za vichochoro vya mtaa wetu. Hakuna hata moja inayonilipa. Na kwa sababu niliacha chuo mwaka wa pili, watu wanaona ni kama nimekosea mara mbili. Mtu hana digrii, na bado anapoteza wakati na uzi?

Sikizeni. Mtoto wa Runda akijifunza piano, hakuna anayemuuliza ataanza lini kuuza tiketi. Akipanda mlima, anaitwa jasiri. Mtoto wa Kayole akifanya hivyo hivyo, ni mvivu, hajui maisha ni magumu. Kumbe kupenda kitu bure ni haki ya wenye pesa tu? Sisi wengine ni mashine, tukipumzika tunapata kutu? Hiyo siwezi kumeza.

Kuna wenye wanasema mlima ni mambo ya wazungu. Buda, hii nchi yako imepata jina kutoka kwa huo mlima. Wazee wa Agikuyu walikuwa wakisali wakiuelekea kabla mzungu yeyote hajauona. Ni kweli Halford Mackinder alifika kilele cha Batian mwaka wa 1899, lakini mlima haukuwa umekaa pale ukimngoja. Tarehe 12 Desemba 1963, usiku nchi inapata uhuru, Kisoi Munyao alipeleka bendera yetu huko juu. Na mwaka wa 2022 James Kagambi alifika kilele cha Everest akiwa na miaka zaidi ya 60. Kwa hivyo hiyo story ya wazungu iacheni.

Wengine wanasema ni ya matajiri. Hapo kuna ukweli kidogo. Ada ya hifadhi, mwelekezi, mpagazi, chakula cha siku nne, hizo ni pesa, na nimeziweka kidogo kidogo kama mtu wa chama. Lakini nguo? Nenda Gikomba. Majaketi mazito ya theluji yanaletwa kwa mitumba kutoka Ulaya, na Nairobi yetu watu hawayagombanii sana kwa sababu ni mazito kushinda baridi yetu. Langu nimelipata kwa shilingi 800. Viatu 1,500, na nimevivaa kila siku tangu Mei ili vizoee miguu yangu hapa chini, si kule juu.

Sasa nataka kuongea na kundi la pili, na hili ndilo linanikasirisha zaidi. Wale wanaopanda kwa ajili ya picha. Unaona mtu anaenda na jinzi, raba nyeupe na hoodie ya pamba, ndani ya begi kuna spika na pafyumu. Akiulizwa, anasema kwani si tuko Ikweta?

Ikweta haikusaidii kitu usiku. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama nyuzi 6 hivi. Mchana jua linakuchoma pua, usiku maji ya chupa yanaganda. Pamba ikilowa jasho au mvua haikaushi haraka, inakaa mwilini ikikunyonya joto. Sufu hata ikilowa bado inasaidia. Ndio maana nguo zinavaliwa kwa tabaka: ya kutoa jasho ndani, ya joto katikati, ya kuzuia upepo na mvua nje. Na ukifika kambi, badilisha soksi kabla hujakaa chini.

Halafu kuna hewa. Ukikaribia mita 5,000, kila pumzi unapata karibu nusu ya oksijeni ya Mombasa. Kichwa kinaanza kugonga, tumbo linakataa chakula. Kuwa na kifua cha gym hakukuepushi. Dawa ya kwanza ni kwenda polepole, ulale Old Moses, ulale Shipton's, uupe mwili muda. Dalili zikizidi, unashuka. Hata kama ni saa nane usiku, hata kama kilele unakiona. Mtu akianza kuyumba kama mlevi au kukohoa povu, hapo hakuna kupiga picha, ni kumteremsha mara moja kabla afe.

Na mnaona uhusiano? Huyu wa raba nyeupe na yule anayeniuliza "inalipa?" ni ndugu. Wote wanaangalia tu kile kitu kitarudisha. Kama faida yako ni picha ya dakika moja pale juu, utajiandaa kwa dakika moja. Lakini mtu akipenda mlima wenyewe, anapenda hata kujiandaa. Nimepanda Ngong na Kilimambogo mara nimesahau kuhesabu, begani jerikeni ya lita kumi. Hakuna aliyenilipa, na hakuna aliyenilazimisha.

Najua mtasema, "Lakini wewe si ni mtu wa kontenti? Unaishi kwa views." Kweli kabisa. Kwa sababu hiyo ndio najua vizuri kinachotokea kitu kikianza kuuzwa. Kicheko changu kina bei. Chakula changu kina mdhamini. Ndio maana lazima kubaki kona moja ya maisha yangu ambayo haina bei. Huko juu simu itakuwa ndani ya mfuko wa kulalia, imezimwa, na nikitoa picha moja itakuwa ya mama.

Kuna wale wanaonitetea wakisema, "Mwacheni, hiyo kufuma itamsaidia kwa baridi." Asanteni, lakini huo utetezi siutaki. Bado mnapima kitu kwa faida. Ningefuma hata kama naishi Lamu.

Mwaka wa 1943, wafungwa watatu wa vita, Waitaliano, walitoroka kambi ya Nanyuki. Hawakutoroka kwenda kwao. Walitaka tu kupanda huo mlima waliokuwa wakiuona nje ya waya. Vifaa walijitengenezea kwa vyuma vya kuokota. Wawili wao, Felice Benuzzi akiwa mmoja, wakafika Lenana. Halafu wakarudi kambini wenyewe, wakaadhibiwa. Kifaida walipata sufuri. Lakini niambie, kati yao na mlinzi wa geti, nani alikuwa mfungwa?

Na muda haungoji. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote mlimani, imeisha karibu yote tangu miaka ya 1930. Mtoto wako huenda asiikute. Ukingoja hadi kupenda kwako kulipe, kuna vitu vitakuwa vimeyeyuka tayari.

Kwa hivyo chukua kitu kimoja wiki hii. Jifunze majina ya ndege wa mtaa wenu, cheza bao na wazee, shona, panda kilima. Jiandae vizuri, usife kijinga. Na mtu akikuuliza inalipa, mwambie haiuzwi.

Tuonane Sirimon. Njoo na sufu.