Boksi limeandikwa 90Hz, lakini kioo kinavuta mkia

Ingia duka lolote la simu hapa Machakos mjini. Kabla hujauliza bei, muuzaji atakuonyesha maandishi kwenye boksi: 90Hz. "Hii haikwami, boss. Ukiskrol inateleza tu." Unalipa deposit, zingine utamaliza mdogo mdogo. Ukifika keja unaweka mandhari nyeusi, unafungua WhatsApp, unaskrol, na majina ya watu yanaacha kivuli nyuma yao kama mkia.

Umetapeliwa? Sio hasa. Umeambiwa nusu ya habari.

Hiyo 90Hz ni idadi ya picha mpya ambazo simu inatuma kwa kioo kila sekunde. Kila picha inapata milisekunde 11 hivi. Kama kioo chenyewe kinahitaji milisekunde 20 kubadilika kutoka nyeusi hadi kijivu, picha mpya inaingia ya zamani ikiwa bado mlangoni. Huo ndio mkia. Na kasi ya kioo haiandikwi kwenye boksi, kwa sababu haipendezi.

Simu nyingi za bei yetu bado ni LCD. Ndani yake kuna vioo viwili vyembamba, na katikati kuna fuwele kioevu: kitu kinachotiririka kama mafuta lakini molekuli zake zinajipanga mstari kama njiti za kiberiti. Umeme ukiingia, njiti zinageuka, na mwanga wa taa iliyo nyuma unapita au unazuiwa. Kugeuka ni rahisi, maana umeme unasukuma. Shida ni kurudi. Umeme ukizimwa, njiti zinarudi zenyewe, polepole, zikipambana na mnato wa kimiminika chenyewe. Baridi huongeza mnato, kwa hivyo asubuhi ya Julai kule Mua Hills kioo chako ni kizito kuliko mchana.

Kwa hivyo vita vya kasi ni vya kemia. Wanaotengeneza fuwele, kama Merck ya Darmstadt, Ujerumani, huchanganya kemikali nyingi tofauti kwenye kioo kimoja, wakiweka florini hapa na pale ili molekuli zigeuke bila kukwama. Njia nyingine ni kupunguza nafasi kati ya vioo. Ukiigawa nusu, kasi inapanda karibu mara nne. Lakini nafasi ikiwa ndogo unahitaji fuwele yenye nguvu zaidi ya kucheza na mwanga, na hizo mara nyingi zina mnato mkubwa. Ukivuta huku, kule kunakaza.

Mbona wasumbuke, na OLED tayari hubadilika chini ya milisekunde moja? Bei, kwanza. Pili, betri, na hapa ndipo sisi wa stima ya kupotea tunafaa kusikiliza. Kwenye LCD ya kawaida kuna vichujio vya rangi ambavyo humeza karibu theluthi mbili ya mwanga. Kama fuwele ingekuwa na kasi ya kutosha, ungetoa vichujio kabisa na kuwasha nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, mara 180 kwa sekunde, jicho lichanganye lenyewe. Mwanga uleule, chaji kidogo sana. Kinachokosekana ni fuwele ya kutulia ndani ya milisekunde moja au mbili kwa bei ya simu ya hasla.

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 30, 2023, Rais Ruto alifungua kiwanda cha EADAK kule Athi River, kaunti yetu hii, ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na kampuni ya TeleOne kutoka Shenzhen. Mojawapo ya simu za kwanza, Neon Smarta, ilitangazwa kwa Sh7,499. Nilifurahi, na bado nafurahi. Kazi ni kazi. Lakini pale ni kuunganisha. Kioo kinafika kikiwa kimeshafungwa, na fuwele iliyo ndani iliamuliwa na mtu wa maabara mbali sana na hapa. Tukisema simu imetengenezwa Kenya, sehemu unayoiangalia siku nzima haimo.

Mtasema hiyo ni ya mataifa makubwa. Basi kumbukeni Hull, mji wa bandari Uingereza uliojulikana kwa samaki. Mwaka 1973 George Gray na wenzake katika chuo kikuu cha huko walitoa fuwele zilizofanya kazi kwenye joto la kawaida bila kuharibika, na saa na kalkuleta za dunia nzima zikafuata. Haikuhitaji kiwanda cha vioo. Ilihitaji wanakemia na miaka ya kuvumiliwa.

Mimi niliacha chuo, sina haki ya kuhubiria mtu digrii. Ila kila semina ya vijana ninayoalikwa ni kodi, kodi, kodi. Sijawahi kusikia mtu akitaja kemia. Konza kumepangwa chuo cha Kenya-KAIST kwa mkopo wa Korea Kusini, nchi ambayo Samsung na LG zilikua pamoja na LCD. Swali langu kwa wakubwa wa Konza ni moja: maabara ya vifaa kama hivi imo kwenye ramani, au ni madarasa ya kompyuta tena?

Kwa sasa, ukienda dukani, usisome boksi. Omba simu ya maonyesho, weka mandhari nyeusi, fungua settings, skrol haraka maandishi meupe. Muuzaji akiuliza unafanya nini, mwambie unatafuta mkia.