Wafiadini wa Baraka na Fizi wako na majina. Wafu wetu wa Kalehe je?



Tarehe 18 Agosti 2024, kule Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo alitangaza wenye heri wanne: padri Luigi Carrara, fureri Vittorio Faccin na padri Giovanni Didonè, Waksaveri watatu kutoka Italia, pamoja na padri Albert Joubert, mtoto wa inchi hii. Tulipiga vigelegele, tukatumiana picha ku WhatsApp, halafu basi.

Turudi kidogo ku tarehe 28 Novemba 1964. Siku nne mbele yake, wanajeshi wa Ubeljiji walishuka na parashuti Stanleyville, na hasira ya waasi wa Simba ikawa kubwa juu ya wazungu. Kule Baraka, jeep inasimama mbele ya misheni. Wanamwambia fureri Faccin apande. Anakataa, wanamuua pale pale. Padri Carrara alikuwa anaungamisha watu. Anatoka, anapiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, naye wanamuua. Siku hiyo hiyo jeep inapanda mpaka Fizi, na Didonè na Joubert wanapigwa risasi. Faccin alikuwa na miaka 30, Carrara 31. Ni ya kaka zetu ile.

Wengine wanasema hiyo ni mambo ya wazungu. Hapana. Joubert alizaliwa 1908, upande wa Moba. Mama yake, Agnes Atakaye, alikuwa mwanamuke wa hapa. Tena wenye kuua walikuwa vijana, wameambiwa wanakomboa inchi. Maneno yale tunayasikia hata leo. Mimi niko na licence, kazi sina, na mtu mmoja alishaniambia eti diplome hailishi, heri bunduki. Sikumujibu vizuri siku ile. Leo ningemuuliza: wale vijana wa jeep, inchi waliikomboa lini?

Lakini iko kitu kinaniuma zaidi. Tunajua jeep, tunajua nani alikataa, tunajua nani alipiga magoti, juu watu wa Baraka na Fizi waliona, wakasema, na kuna mwenye aliandika. Karibu miaka 60 Kanisa lilitunza majina manne. Manne! Kasika, Agosti 1998, waliua padri, masista, mwami na raia wengi sana. Makobola, mwisho wa mwaka ule ule, tena mamia. Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, ya 2010, iliyaandika. Wenye kuamuru mpaka leo hawajasimama mbele ya tribinali.

Na sisi hapa Kalehe? Mei 2023 mito ilifagia Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, watu maelfu wakapotea, wengi wakazikwa mu shimo la pamoja. Nani ako na majina yao yote? Serikali ilihesabu mifuko ya maiti. Na wale wenye vita imeua ku barabara ya Minova na Nyabibwe tangu 2025, nani anawahesabu?

Siombi kila mufu afanywe mwenye heri, hiyo ni kazi ya Roma. Naomba daftari. Jina, majina ya wazazi, kijiji, tarehe, na mwenye aliona. Muandike ku karatasi, si mu simu, juu simu inapekuliwa ku bariere. Muache kopi kwa mtu mzima mwenye munaamini. Jina la mwenye aliona likae ku karatasi ingine, mbali.

Sisi tumeanza na avenue yetu. Ukurasa wa kwanza ulijaa siku moja. Mama mmoja alikuja na majina saba, yote ya nyumba yake, akangojea mpaka tumemusomea moja moja aone kama tumeandika vizuri.