Rasmi kwa Nani?

Mashabiki wenzangu wa Star Wars wananichosha na neno lao moja: "rasmi". Eti tangu 2014, Lucasfilm ilipoziweka riwaya na gemu za zamani kando na kuziita "Legends", Knights of the Old Republic II haihesabiki tena. Haihesabiki kwa nani, jamani?

Katika gemu hiyo ya 2004, unampa ombaomba pesa. Kreia, bibi kizee anayekufundisha, anakuonyesha ombaomba akivamiwa kwa sababu ya pesa hizohizo. Ukimfukuza, naye anaenda kumvamia mwingine. Filamu gani ya Star Wars imewahi kunibana hivyo, nikakosa jibu?

Mwenye duka abandike lebo atakavyo. Yule ombaomba hajanitoka kichwani.