Habari za Asubuhi Ziwe za Mtoto Mwenyewe

Ukiingia asubuhi katika darasa la Gredi ya Pili mjini Thika au Ruiru, aghalabu utakuta ubaoni maneno haya: Leo ni Jumatatu. Jana ilikuwa Jumapili. Kuna jua. Watoto huyanakili kimya, mwalimu hutia alama ya vyema, na siku huanza. Zoezi hilo huitwa habari, ijapokuwa hamna habari hata moja ndani yake.

Sina ugomvi na hati nzuri wala na majina ya siku. Ninalolipinga ni kuchukua dakika ambazo akili ya mtoto ingali na nguvu na kumtaka aandike alichokwisha kuandikiwa. Sylvia Ashton-Warner wa New Zealand, katika kitabu chake Teacher kilichotoka 1963, alieleza jinsi alivyowaanzisha watoto wa Kimaori kusoma kwa maneno waliyomwomba wao wenyewe, mengi yakiwa ya woga na mapenzi. Neno lililo lake mtoto hulishika upesi.

Niliyasoma hayo zamani; kuyaona, nimeyaona Ruiru. Mwalimu mwanagenzi niliyekwenda kumkagua alifuta ubao, akawataka watoto waandike lolote la jana. Msichana mmoja aliandika: "Mama arikuja usiku sikumuona arienda kasi tena." Mwalimu akayazungushia wino mwekundu maneno matatu, akasonga mbele. Nami, nakiri, nilijaza fomuni kwamba anasahihisha kwa makini.

Hebu tuyatazame makosa hayo. Kikuyu hakina sauti l wala z. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo husikia r na s mahali pake, na kwa sababu d ya Kikuyu haisimami bila n mbele yake, dada atamwandika ndanda. Mwaka 1971 Charles Read alionyesha huko Marekani kwamba watoto wadogo wanaojibunia tahajia hawaandiki ovyo: hufuata sauti kama wanavyozisikia. Basi msichana yule alikuwa amesikiliza vizuri. Kazi na kasi zifundishwe, tena kwa bidii, lakini katika kipindi cha tahajia, si juu ya habari za mama yake. Niliporudi baada ya wiki mbili nililiomba daftari lake. Kurasa zote zilizofuata zilisema kuna jua.

Kuhusu lugha, Kamati ya Gachathi ilipendekeza tangu 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Makongeni au Ruiru mjini, walikochanganyika watu wa kila pembe ya Kenya, lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo, mtoto akichopeka neno la Kikuyu, Kikamba au Kiingereza katika shajara yake, aachwe.

Walimu wataniuliza: watoto hamsini, nitawasoma lini? Someni madaftari kumi kwa siku, na kwa Ijumaa darasa limekwisha. Jibuni kwa sentensi moja badala ya alama: "Mama alirudi saa ngapi?" Asiyeweza kuandika achore, aeleze, nanyi mumwandikie chini ya picha. Wazazi watakapouliza kwa nini daftari hilo halina wino mwekundu, kama watakavyouliza, waelezwe katika mkutano wa kwanza wa muhula, daftari lenyewe likiwa mkononi.