Wingi Si Mwendo

Kuna uwongo mmoja ambao wauzaji wa mashine za michezo ya televisheni wanatulisha, nasi twaumeza bila kutafuna: kwamba mashine zenye kumbukumbu sawa zina uwezo sawa. Muuzaji mmoja alimwonyesha mjukuu wangu mashine mbili zilizokwisha kutumika, akasema, "Zote gigabaiti nane, bwana mdogo. Chagua umbo tu." La hasha!

Mashine hizo, PlayStation 4 na Xbox One, zilitoka mwaka mmoja, 2013, na kweli kila moja ilikuwa na gigabaiti 8. Lakini kumbukumbu ni ghala, na ghala kubwa lenye mlango mwembamba halimfai mwenye haraka. PlayStation 4 ilipewa chipu za aina ya GDDR5, ziwezazo kupitisha gigabaiti 176 kwa sekunde. Xbox One ilipewa DDR3, gigabaiti 68 tu. Ili kuziba pengo, wahandisi waliweka kijighala cha megabaiti 32 ndani ya chipu kuu. Kilikuwa na kasi, lakini kidogo, na mtunga programu alilazimika kupanga nini kikae humo na nini kibaki nje. Mchezo wa Call of Duty: Ghosts wa mwaka huo ulichorwa kwa mistari 1080 kwenye PlayStation 4, na 720 kwenye Xbox One.

Wapo watakaonipinga: sehemu ya kuchora picha ya PlayStation 4 nayo ilikuwa na nguvu zaidi. Nakubali. Lakini mpishi hodari asiyeletewa kuni kwa wakati atapika nini? Tena Microsoft wenyewe ni mashahidi wangu. Walipotoa Xbox One X mwaka 2017, kijighala hakikuwamo tena. Waliweka GDDR5 ya kupitisha gigabaiti 326 kwa sekunde.

Simcheki aliyedanganyika, maana kosa hili nimelitenda. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kila mwaka niliwaandikia wakaguzi idadi ya vitabu vya maktaba yetu kwa majivuno. Sikuandika hata mara moja kwamba mlango ulifunguliwa kwa muda wa saa moja tu kwa siku.

Basi, mzazi mwenzangu, kabla hujatoa fedha yako, usiulize ghala lina magunia mangapi. Uliza mlango unapitisha mangapi.