Mtaa upime kelele zake, na upime sawasawa

Ugomvi wa kelele mitaani huisha bila ushahidi. Mama mwenye mtoto mchanga anasema baa ya jirani imekesha ikipiga muziki. Mwenye baa anaapa kwamba alizima saa nne. Mjumbe anawasikiliza wote wawili, wanapatana, na baada ya siku mbili sabufa zinarudi palepale. Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009, Tanzania tangu 2015, na zote zinahesabu kwa desibeli. Mlalamikaji hana desibeli. Ana masikio yake na usingizi uliokatika.

Mafundi vijana wanaweza kulibadilisha hilo. Bodi ya ESP32, yenye chipu iliyotolewa na kampuni ya Espressif ya Shanghai mwaka 2016, inaenea kiganjani na ina Wi-Fi ndani yake. Wanafunzi wengi wa elektroniki wameshaizoea kwa kupima joto, unyevu wa udongo au kina cha maji tangini. Kuiongezea maikrofoni ni kazi ya jioni moja. Kuifanya itoe namba ya kuaminika ni kazi kubwa zaidi, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Wanaoanza mara nyingi huuziwa kibao chekundu cha kuhisi sauti, KY-038. Kina maikrofoni ya duara, kisanduku cha buluu chenye skrubu ya shaba, na taa mbili. Ukizungusha skrubu taratibu, taa moja inazimika. Ukipiga kofi, inawaka. Kwa swichi ya taa ya chumbani kinatosha. Kwa kesi ya kelele hakifai, kwa sababu kinachojua ni jambo moja tu: sauti imevuka pale skrubu ilipowekwa, au haijavuka. Kina pini ya analogi pia, lakini namba inayotoka hapo si desibeli, hata kama programu imeandika neno hilo kwenye skrini.

Inayofaa ni maikrofoni ya kidijiti kama INMP441, inayopeleka sauti kwenye bodi ikiwa tayari imegeuzwa namba. Mtengenezaji wake anaeleza itatoa kiasi gani ikipigiwa sauti ya desibeli 94, na kutoka hapo fundi anapata pa kuanzia hesabu. Tundu lake la kusikilizia ni dogo mno, tena liko upande wa nyuma wa kibao chake. Ukiligandisha na gundi au kulilaza juu ya plastiki, kifaa kitaripoti mtaa mtulivu hata siku ya harusi. Tundu lielekee nje, lifunikwe sponji ya kuzuia upepo, na kasha liwe mbali na ukuta unaorudisha sauti.

Halafu kuna wastani. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi, maana kila zinapopanda 10, nishati ya sauti inazidi mara kumi. Nusu saa ya desibeli 50 ikifuatiwa na nusu saa ya desibeli 80, wastani wa darasani unatoa 65. Wastani wa nishati, ambao wataalamu wa kelele wanautumia, unatoa 77. Programu inayotumia ule wa kwanza inampunguzia mwenye baa desibeli 12, na mlalamikaji hatajua kamwe kwamba chombo chake mwenyewe ndicho kilichomwangusha.

Kanuni za Kenya zinaweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku nje ya nyumba za makazi. INMP441 ina mvumo wake wa ndani wa takriban desibeli 33, hata pakiwa kimya kabisa. Kwa hiyo mtaa wenye 35 kamili utasomeka kama 37. Fundi mwaminifu ataliandika hilo kwenye ripoti: kifaa hiki hakiwezi kuthibitisha kwamba usiku ulikuwa ndani ya kikomo, ila kikionyesha 70 saa nane usiku, mvumo huo haubadilishi chochote.

Wakazi wa Plaça del Sol, uwanja ulio katika mtaa wa Gràcia jijini Barcelona, waliweka vihisi kwenye vibaraza vyao miaka ya 2016 na 2017, kupitia mradi ulioitwa Making Sense. Walipeleka namba kwa halmashauri, na ngazi ambazo watu walikesha wamekalia zikawekewa mimea. Ujerumani nako, mtandao wa wananchi ulioanzia Stuttgart mwaka 2015 kwa kupima vumbi hewani uliongeza kifaa cha kelele: bodi moja inapiga hesabu ya sauti, nyingine inatuma jibu kwa Wi-Fi.

Hapo kwenye kutuma pasiwe na mjadala. Kifaa kitume namba pekee. Maikrofoni iliyotundikwa dirishani inasikia pia mke na mume wakigombana na mgonjwa akilia, na hakuna jirani aliyekubali hayo yafike kwenye seva ya mtu. ESP32 ina nguvu ya kutosha kupiga hesabu humohumo, kutoa desibeli za dakika nzima na kufuta sauti papo hapo. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Mradi wa kelele unaorekodi maongezi unastahili kuzuiwa, hata kama nia yake ni njema.

Sehemu iliyobaki ni ya serikali. Mamlaka za mazingira, NEMC ya Tanzania na NEMA ya Kenya, zina haki ya kukataa namba za kifaa cha mtaani kama ushahidi wa kutoza faini. Kazi hiyo ni ya kipimo kilichothibitishwa, mikononi mwa mkaguzi. Lakini rekodi ya mwezi mzima inayoonyesha kelele zikipanda kila Ijumaa baada ya saa sita usiku ingemwambia mkaguzi huyo aende wapi na lini, badala ya kufika Jumanne mchana na kukuta viti vimepangwa. Vyuo vya ufundi vya VETA vingeweza kupewa kalibreta, kile kifaa kidogo kinachotoa sauti ya desibeli 94 sawasawa, ili kikundi chochote cha vijana kilete maikrofoni yake, ipimwe, na irudi mtaani ikiwa na karatasi yenye tarehe na mhuri.