Mgomo wa Mabasi Hufika Wodini

Kila tetesi za mgomo wa madereva zinapoenea, mjadala huelekea kwa abiria waliokwama vituoni, nauli iliyopanda na hasara ya wafanyabiashara. Wodi na kliniki hutajwa mara chache. Hiyo ni kasoro kubwa, kwani mgonjwa wa nje hupanda basi kabla ya kumwona daktari, na muuguzi wa zamu ya usiku huja kazini kwa daladala hiyohiyo. Usafiri wa umma ni sehemu ya huduma ya afya, na unastahili kupangiwa hivyo kabla mgomo haujaanza.

Tanzania ina funzo lake la karibu. Tarehe 10 Aprili 2015 madereva wa mabasi waligoma, na abiria wakajaa katika kituo cha Ubungo, Dar es Salaam, bila kujua watasafiri lini. Tarehe 4 Mei mwaka huohuo mgomo ulirudi na kuendelea hadi siku iliyofuata. Madai ya madereva yalikuwa wazi: wapewe mikataba ya ajira, na wasilazimishwe kurudi chuoni kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni. Miongoni mwa wanaosafiri kwa mabasi hayo siku zote wamo wagonjwa wenye barua za rufaa na miadi ya kliniki.

Si kila mgonjwa huumizwa na mgomo kwa kiasi kimoja. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na ambaye hali yake ni tulivu huweza kupewa dawa za miezi mitatu au sita, na siku mbili za mgomo hazimtetereshi. Mwenye figo zilizoshindwa kazi yuko katika hali nyingine kabisa. Kwa kawaida husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa juma, takriban saa nne kila mara. Akikosa zamu moja, maji na potasiamu huanza kujilimbikiza mwilini. Potasiamu ikizidi, moyo waweza kusimama ghafla. Vivyo hivyo kwa mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayepata tibamionzi. Matibabu yake hupangwa kwa siku tano za juma na yanapaswa kukamilika ndani ya majuma manane, kwa sababu kadiri yanavyorefuka ndivyo uwezekano wa kuidhibiti saratani unavyopungua. Kwa wagonjwa hawa, basi lililokosekana ni dozi iliyokosekana.

Kwa upande wa watumishi, mgomo hukata zamu. Muuguzi wa mchana akishindwa kufika, yule wa usiku hubaki kazini akiwa amechoka, na uchovu ni mama wa makosa ya dawa na vipimo. Anayefika kwa bodaboda hulipa kutoka mfukoni mwake nauli ambayo siku hiyo huwa imepanda. Kumtegemea mtumishi ajitolee hivyo kila mara ni kukosa mpango.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekwisha kuliona jambo hili. Inaposema ni huduma zipi zilizo muhimu kiasi kwamba wafanyakazi wake hawaruhusiwi kugoma, inataja huduma za afya na maabara zake, kisha inaongeza usafiri wowote unaohitajika ili huduma hizo zitolewe. Maneno hayo ni machache, lakini uzito wake haujatumiwa ipasavyo. Mamlaka za usafiri, wamiliki wa mabasi, vyama vya madereva na hospitali wangepaswa kuketi pamoja wakati wa utulivu na kukubaliana kwa maandishi: magari mangapi, katika njia zipi na saa zipi, yatawabeba wagonjwa na watumishi siku ya mgomo.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuitumia afya ya wagonjwa kama fimbo ya kuwanyamazishia madereva. Dereva wa daladala anayedaiwa hesabu ya siku na mwenye gari hubaki na kile kinachosalia baada ya hesabu na mafuta. Hulazimika kuendesha tangu alfajiri hadi usiku, kula ovyo na kuahirisha kupima shinikizo la damu. Usingizi na haraka yake huishia katika idara za dharura kwa sura ya mifupa iliyovunjika. Kwa hiyo mkataba wenye saa za kazi, likizo na bima ni kinga ya afya kwa dereva na kwa abiria wake.

Mkataba una faida ya pili ambayo hospitali haziisemi. Sheria hiyohiyo humtaka mfanyakazi apitie usuluhishi kwanza, kisha atoe notisi ya angalau saa 48 kabla ya kugoma. Madereva wasio na mikataba wala chama chenye nguvu, kwa vitendo, hubaki nje ya utaratibu huo, na mgomo wao huzuka alfajiri. Saa 48 zingetosha kuwaita mapema wagonjwa wa figo, kupanga upya zamu na kuwaandalia watumishi mahali pa kulala. Anayetaka utulivu wodini hana budi kuunga mkono ajira rasmi barabarani.

Wakati hayo yakisubiriwa, kila kituo cha tiba kinaweza kuanza na daftari: orodha ya wagonjwa wasioweza kukosa hata siku moja, mahali wanapoishi na namba zao za simu. Wenye kisukari, kifua kikuu na kifafa wapewe akiba ya dawa mgomo unaponukia. Mgonjwa naye aulize katika kliniki yake: "Nikikosa usafiri, nifanye nini, na nimpigie nani?" Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura atafutiwe usafiri kwa kupiga 115 bila malipo, badala ya kusubiri basi.

Madereva wana haki ya kudai, na wagonjwa wana haki ya kufika. Haki hizo mbili zinagongana tu pale ambapo hakuna aliyejiandaa.